Clairaut na vipande vilivyotupwa: Mwezi, Dunia na nyotamkia

Ndugu walimu wa hisabati, wanafunzi, na nyote mliofika jioni ya leo, hamjambo.

Tarehe 15 Novemba 1747, mwanahisabati Mfaransa Alexis Claude Clairaut alisimama mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris akatangaza kwamba kanuni ya uvutano ya Newton haitoshi. Alikuwa na umri wa miaka 34, na jina lake lilikuwa tayari linajulikana Ulaya nzima. Miezi 18 baadaye, tarehe 17 Mei 1749, aliiambia Akademia ileile kwamba Newton yuko sahihi, na kwamba upungufu ulikuwa katika hesabu yake mwenyewe. Hakuna aliyemsahihisha. Alirudia kazi akalipata kosa peke yake. Naanza na kosa hilo kwa sababu ndilo linalomweleza mtu huyu vizuri kuliko sifa zote alizopewa.

Jambo lenyewe ni hili. Njia ya Mwezi kuizunguka Dunia si duara kamili, ni duaradufu. Kwa hiyo kuna mahali Mwezi unapokuwa mbali nasi kuliko pengine pote. Mahali hapo hapatulii. Kila Mwezi unapomaliza mzunguko mmoja wa siku 27.3, mahali hapo panakuwa pamesogea mbele kwa nyuzi 3 na dakika 3 hivi (uzi mmoja wa pembe una dakika 60), na panamaliza duru nzima kwa takriban miaka 8 na miezi 10. Watazamaji wa anga walikuwa wamekipima kiasi hicho muda mrefu kabla ya Clairaut. Kinachopasogeza ni Jua, ambalo nalo linauvuta Mwezi. Basi swali likawa: tukichukua kanuni ya Newton, kwamba uvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, je, tutazipata hizo nyuzi 3 na dakika 3?

Clairaut alipata nyuzi 1 na nusu. Euler alipata hivyo hivyo. D'Alembert naye hivyo hivyo. Wanahisabati watatu wakubwa wa zama zao, kila mmoja kwa njia yake, na wote wakatoka na nusu tu ya jibu. Mnaweza kuona kwa nini Clairaut alifikia hatua ya kuigusa kanuni yenyewe. Alipendekeza kiongezwe kipande kidogo kinachopungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Buffon, mtaalamu wa maumbile, alimpinga akisema kanuni ya maumbile haiwezi kuwa ya vipande viwili. Hiyo ilikuwa hoja ya falsafa. Kwa bahati Buffon alikuwa upande ulio sahihi, lakini hoja yake haikuthibitisha kitu. Kilichothibitisha ni hesabu.

Hebu tuifanye hapa, kwa mwandiko ambao wanahisabati waliokuja baadaye wameufanya mfupi. Chukua urefu wa mzunguko wa Mwezi, siku 27.32, ugawanye kwa siku 365.26 za mwaka. Unapata 0.0748. Iite m. Msogeo tunaoutafuta, kwa kila nyuzi 360, ni jumla ya vipande vinavyofuatana: cha kwanza ni 3/4 ya m kipeo cha 2, cha pili ni 225/32 ya m kipeo cha 3, cha tatu ni 4071/128 ya m kipeo cha 4, na kuendelea.

Kipande cha kwanza: 0.75 mara 0.005595 ni 0.004196. Zidisha kwa 360, unapata 1.51, yaani nyuzi 1 na dakika 31. Hapa ndipo waliposimama wote watatu.

Sasa cha pili: 7.03 mara 0.0004185, ni 0.00294. Mara 360 ni 1.06. Jumla imefika nyuzi 2 na dakika 34. Cha tatu kinaongeza 0.36, tunafika nyuzi 2 na dakika 56. Cha nne kinaongeza 0.11, tunafika nyuzi 3 na dakika 2. Haba na haba, na kibaba kimejaa bila kuigusa kanuni ya Newton hata kidogo.

Tazameni mtego ulipokaa. Kila unapopanda kipeo kimoja cha m, namba inapungua mara 13. Mtu mwenye uzoefu anasema: kipande kinachofuata ni sehemu ya 13 tu ya hiki, nakiacha. Lakini kizidishi kilichosimama mbele kimeruka kutoka 0.75 hadi 7.03, zaidi ya mara 9. Kwa hiyo kipande cha pili hakikuwa sehemu ya 13 ya kile cha kwanza. Kilikuwa asilimia 70 yake. Sababu ya kuruka huko inaeleweka. Mvuto wa Jua unaousukuma Mwezi mbele na kuurudisha nyuma kwenye njia yake unaonekana kujifuta wenyewe ndani ya mzunguko mmoja, ndiyo maana katika hesabu ya kwanza hauachi alama. Lakini kabla ya kujifuta unakuwa umeshabadilisha umbali na kasi ya Mwezi, na umbali ukibadilika, mvuto wenyewe nao unabadilika. Ukiishia mzunguko wa kwanza wa makadirio, hulioni hilo. Sharti uchukue jibu ulilolipata, ulirudishe ndani ya milinganyo, uanze upya. Ni kazi ya kurasa kwa kurasa, na ndiyo aliyoifanya Clairaut kabla ya Mei 1749. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Akademia ya St. Petersburg, na miongoni mwa waamuzi alikuwamo Euler, ambaye alikuwa amekwama palepale.

Mwalimu anayefundisha makadirio angefanya vema kuzichukua namba hizi nne na kuziandika ubaoni. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kitu kidogo kinaachwa. Wafundishwe pia kuuliza ni kidogo kikilinganishwa na nini, na kimesimama nyuma ya kizidishi gani.

Alizaliwa Paris tarehe 13 Mei 1713. Baba yake, Jean-Baptiste Clairaut, alikuwa mwalimu wa hisabati, na mtoto alilelewa kwa Euclid. Akiwa na miaka 10 alikuwa akisoma vitabu vya L'Hôpital, na akiwa na miaka 12 aliisomea Akademia kazi yake kuhusu mistari minne ya mpindo aliyoigundua. Mwaka 1731, kwa kitabu chake kuhusu mistari inayopinda katika nafasi na si juu ya bapa peke yake, aliingizwa Akademia akiwa na miaka 18. Kanuni zilidai miaka 20, ikabidi kibali maalumu kitoke kwa mfalme. Mama yake alizaa watoto wapatao 20 na karibu wote walikufa mapema. Mdogo wake, naye mwanahisabati aliyekwisha kuchapisha kitabu, alikufa kwa ndui mwaka 1732 akiwa na miaka 16 hivi. Hilo nalitaja kwa sababu habari za utoto wa Clairaut husimuliwa kama miujiza, na nyumba ile ilikuwa na misiba mingi.

Sasa Dunia. Newton alikuwa amesema Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Akina Cassini, waliopima ardhi ya Ufaransa, walisema kinyume, kwamba imerefuka kuelekea kwenye ncha. Namna ya kuamua ni moja: pima urefu wa uzi 1 wa latitudo kaskazini kabisa, ulinganishe na ule wa Paris. Kama Dunia imebonyea, uzi wa kaskazini utakuwa mrefu zaidi. Mwaka 1736 msafara ulioongozwa na Maupertuis ukaenda Lapland, kwenye bonde la mto Torne. Clairaut alikuwamo, pamoja na Camus, Le Monnier, kasisi Outhier na Celsius wa Sweden.

Walipima pembe kutoka kilima hadi kilima, wakaunganisha pembetatu kuanzia mji wa Torneå hadi mlima Kittisvaara. Pembetatu hutoa maumbo tu. Ili kupata urefu, lazima upande mmoja upimwe kwa mkono. Walisubiri Desemba, mto ulipoganda, wakautumia barafu kama uwanja tambarare. Mstari wa msingi ulikuwa toazi 7,400 na kidogo. Toazi ni kipimo cha Ufaransa cha wakati huo, karibu mita 1.95, kwa hiyo ni zaidi ya kilomita 14. Walitumia fito za mbao za toazi 5 kila moja, zikilazwa moja mbele ya nyingine juu ya theluji, makundi mawili yakipima mstari uleule kila moja kivyake. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba midomo iligandia kwenye kikombe cha fedha. Mwishoni makundi mawili yalitofautiana kwa inchi 4 za Kifaransa, karibu sentimita 11, katika kilomita 14. Kwa fito za mbao na theluji, ni kazi ya kusifiwa.

Jibu lao lilikuwa toazi 57,437 kwa uzi mmoja, wakati kipimo cha mwanafalaki Picard, kilichochukuliwa zamani karibu na Paris, kilikuwa 57,060. Uzi wa kaskazini ni mrefu, Dunia imebonyea, Newton ameshinda. Lakini kuna jambo ambalo husahaulika kusemwa. Msweden Svanberg alipoipima tena sehemu hiyo mwanzoni mwa karne ya 19 alipata karibu toazi 57,196. Yaani watu wa 1736 walizidisha kwa toazi 240 hivi, na namba yao ilitoa Dunia iliyobonyea kupita kiasi. Inchi 4 za barafuni haziwezi kuzaa kosa hilo. Pa kutazama kwanza ni pembe za nyota: sekunde 1 ya pembe angani ni karibu mita 31 ardhini, na toazi 240 ni sawa na sekunde kama 15. Fimbo inaweza kulazwa kwa uangalifu wote, na chombo cha kutazamia nyota kikaharibu kila kitu.

Clairaut aliliona tatizo hilo kwa upande mwingine kabisa. Katika kitabu chake cha 1743 kuhusu umbo la Dunia alionyesha kwamba ubonyevu unaweza kupatikana bila kupima ardhi, kwa kupima uzito wa vitu tu. Kanuni yake kwa maneno ni hii: chukua tofauti ya nguvu ya uvutano kati ya ncha na ikweta, uigawanye kwa uvutano wa ikweta, ongeza ubonyevu wa Dunia, jumla yake ni sawa na mara mbili na nusu ya uwiano kati ya msukumo wa kurushwa nje pale ikweta, unaotokana na Dunia kujizungusha, na uvutano wa hapo.

Tuweke namba za leo. Uvutano usawa wa bahari pale ikweta ni mita 9.780 kwa sekunde kwa sekunde; kwenye ncha ni 9.832. Tofauti ni 0.052, ukigawanya kwa 9.780 unapata 0.0053. Msukumo wa kurushwa nje pale ikweta ni 0.0339, gawanya kwa 9.780, ni 0.003467, mara mbili na nusu ni 0.00867. Toa 0.0053, inabaki 0.00337, yaani sehemu 1 ya 297. Kipimo cha satelaiti ni sehemu 1 ya 298. Uzuri wa kanuni hii uko katika kile isichokidai: haikuulizi ndani ya Dunia kuna nini. Newton alikuwa amechukulia kwamba Dunia ni ya aina moja mpaka katikati. Clairaut alithibitisha kwamba tabaka zinaweza kuwa nzito kadiri unavyoshuka, na kanuni ikabaki vilevile, mradi umbo lenyewe ni lile ambalo kimiminika kinachozunguka kingetulia nalo. Hapa alijua kwa hakika kipi kinaweza kutupwa.

Ikweta inapita Kongo, Uganda, Kenya na kusini mwa Somalia, kwa hiyo sisi tunaishi mahali ambapo uvutano ni mdogo kuliko karibu popote duniani. Mfaransa Jean Richer aliliona jambo hili huko Cayenne mwaka 1672: saa yake ya pendulamu iliyorekebishwa Paris ilichelewa dakika 2 na nusu kwa siku, ikambidi aifupishe pendulamu kwa karibu milimita 3. Shule inaweza kulijaribu, lakini kwa uangalifu. Jiwe lililoning'inizwa kwa kamba nyembamba ya mita 1 kwenye ikweta linachukua sekunde 2.009 kwenda na kurudi. Penye uvutano wa 9.81 linachukua 2.006. Katika mabembeo 100, tofauti ni sekunde 0.3 tu, karibu sawa na kuchelewa kwa kidole kwenye kitufe cha saa. Kwa hiyo hesabu mabembeo 500 au zaidi. Urefu upimwe mpaka katikati ya jiwe, si mpaka fundo la juu yake, kwani kosa la milimita 3 linatosha kuifuta tofauti yote. Usiliachie jiwe kutoka mbali: likianza na nyuzi 10, muda unaongezeka kwa karibu asilimia 0.2, likianza na nyuzi 5, asilimia 0.05. Na kwa walio nyanda za juu, kila mita 1,000 juu ya bahari hupunguza uvutano kwa 0.003 zaidi, kwa hiyo Nanyuki na Libreville hazitatoa namba moja ingawa zote ziko karibu kabisa na ikweta.

Nipite haraka kwenye vitabu vyake vya kufundishia, cha jiometri (1741) na cha aljebra (1746). Cha jiometri kinaanzia kwenye kupima ardhi, na mistari sambamba, pembe na pembetatu vinaingia pale mpimaji anapovihitaji, si kama orodha ya fasili. Huyu alikuwa amelaza fito kwenye barafu. Alijua jiometri inatokea wapi. Alimsaidia pia Émilie du Châtelet katika tafsiri yake ya Newton kwa Kifaransa. Tafsiri hiyo ilitoka kamili mwaka 1759, miaka kumi baada ya kifo cha Émilie, mwaka uleule nyotamkia iliporudi.

Nyotamkia hiyo ilikuwa imepita 1531, 1607 na 1682. Mwanafalaki Mwingereza Halley ndiye aliyesema ni ile ile. Lakini pengo la kwanza lilikuwa miaka 76 na miezi 2, la pili karibu miaka 75, tofauti ya miezi 15. Saa gani hiyo inayokosea miezi 15? Halley alishuku Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, inayoivuta nyotamkia inapopita. Alisema itarudi mwishoni mwa 1758 au mwanzoni mwa 1759, akafariki mwaka 1742.

Clairaut alitaka tarehe. Mlinganyo wa miili mitatu inayovutana, kama Jua, sayari na nyotamkia, haukuwa na jibu la kuandikwa kwa mstari mmoja, ikabaki njia moja: kuigawa njia ya nyotamkia vipande vipande, na katika kila kipande kukokotoa umbali wake na Mshtarii, umbali wake na Zohali, na msukumo wa kila sayari, kisha kujumlisha. Hesabu ilihusu miaka 150. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ilianza katikati ya 1758, na waliokaa mezani kukokotoa walikuwa mwanafalaki Lalande na Nicole-Reine Lepaute, mke wa fundi saa wa Paris, ambaye tayari alikuwa amekokotoa jedwali la urefu wa pendulamu kwa ajili ya kitabu cha mumewe. Lalande aliandika kwamba walikokotoa miezi sita, asubuhi hadi usiku, wakati mwingine hata mezani wakila, na kwamba yeye alitoka na ugonjwa. Walikuwa wakishindana na mbingu, kwani tarehe ikitangazwa baada ya nyotamkia kuonekana haina thamani.

Njia hiyo waliijaribu kwanza kwa mapengo yaliyokwisha kujulikana, na kosa likawa karibu mwezi mmoja. Hilo lilimpa Clairaut kipimo cha uaminifu wa jibu lake. Tarehe 14 Novemba 1758 alitangaza: pengo hili litazidi lililopita kwa siku 618, siku 518 kwa sababu ya Mshtarii na 100 kwa sababu ya Zohali, nyotamkia itakaribia Jua kabisa katikati ya Aprili 1759, ikikosea mwezi mmoja mbele au nyuma. Usiku wa tarehe 25 Desemba, Johann Georg Palitzsch, mkulima wa karibu na Dresden, aliiona kwanza. Ililifikia Jua tarehe 13 Machi, mapema kwa mwezi mmoja na siku mbili tatu.

D'Alembert, mpinzani wake mkubwa, hakuridhika. Lakini siku 33 ndani ya miaka 76 ni kama sehemu 1 ya 800, na hata ukizilinganisha na zile siku 618 peke yake ni asilimia 5. Na tazameni alichokosa: Uranusi haikujulikana hadi 1781, Neptuni hadi 1846; uzito wa Zohali ulikuwa wa kubahatisha; sayari ndogo ziliachwa; na gesi inayofuka kutoka kwenye nyotamkia yenyewe huichelewesha kwa karibu siku 4 kila mzunguko, jambo lililoeleweka katika karne ya 20. Clairaut alirudia hesabu baadaye akalipunguza kosa, kama alivyofanya kwa Mwezi.

Katika kitabu chake cha 1760 kuhusu nyotamkia, hata hivyo, jina la Lepaute halimo. Lalande aliandika wazi kwamba bila mama huyo wasingethubutu kuianza kazi ile. Clairaut aliyejua kusema hadharani kwamba amekosea kuhusu Mwezi hakulisema hili, na alifariki tarehe 17 Mei 1765 bila kulirekebisha. Ni doa, na anayeifundisha hadithi ya nyotamkia leo alitaje jina la Lepaute pamoja na ya Clairaut na Lalande.

Lepaute aliendelea kukokotoa majedwali ya kalenda ya wanafalaki wa Paris pamoja na Lalande. Kwa kupatwa kwa Jua kwa tarehe 1 Aprili 1764 alichora ramani ya Ulaya inayoonyesha kivuli kitapita wapi, na ikachapishwa watu wakaitumia siku yenyewe.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.